Nani Ana Kalamu? Mwongozo wa Kudai Nyumba Nafuu na Ulinzi wa Wapangaji

Kikao cha wapangaji kikiitishwa, saa nzima ya kwanza huwa ni ya machungu. Kodi imepanda mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Paa linavuja na fundi hajaonekana. Jirani alirudi kutoka kazini akakuta kufuli jipya mlangoni na vitu vyake vimerundikwa nje. Kila mtu ana lake, na yote ni kweli. Kisha mmoja anasimama na kusema, "Tunataka serikali itusaidie." Watu wanapiga makofi, wanatawanyika. Miezi michache baadaye kodi inapanda tena.

Ushujaa ulikuwapo pale, na watu walikuwapo. Swali ndilo lililokosekana: nani hasa ana kalamu ya kusaini jambo hili, na tunataka asaini nini? Serikali ni jina tu. Wanaosaini ni watu: diwani, waziri, hakimu, ofisa wa mipango miji, na mara nyingine mwenye nyumba mwenyewe. Mwongozo huu unafuata swali hilo kuanzia chumbani kwako hadi bungeni. Sheria za nyumba hutofautiana nchi hadi nchi, kwa hiyo hutakuta hapa vifungu vya kwenu. Utakuta namna ya kuvitafuta na kuvifanyia kazi.

Hatua ya kwanza: Weka karatasi zako sawa

Mali bila daftari hupotea bila habari, na haki ya mpangaji nayo hivyo hivyo. Kabla hujasimama mbele ya watu kuwatetea wengine, hakikisha kesi yako mwenyewe inasimama.

Una mkataba wa maandishi? Piga picha kurasa zote, uzihifadhi nje ya simu yako pia. Mlikubaliana kwa mdomo? Basi leo hii mtumie mwenye nyumba ujumbe wa heshima: "Habari za leo. Nathibitisha makubaliano yetu: nilihamia tarehe fulani, kodi ni kiasi fulani kwa mwezi, na nimeshalipa amana ya kiasi fulani." Akijibu "sawa" tu, umepata kitu cha kuonyesha. Asipojibu, ujumbe wako bado una tarehe yake, na ni bora kuliko kumbukumbu za kichwani.

Risiti ndizo zinazosumbua wengi. Anayelipa kwa benki au kwa simu ana ushahidi tayari. Anayelipa taslimu awe na daftari dogo na amwombe anayepokea aweke sahihi palepale, kila mwezi, bila kuona haya. Uharibifu nao uripotiwe kwa maandishi hata kama mmeshazungumza uso kwa uso. Siku ya mgogoro, "nilimwambia mara nyingi" haina uzito kama ujumbe wenye picha ya ukuta uliopasuka na tarehe. Piga picha za vyumba siku unayoingia na siku unayotoka. Amana nyingi hupotea kwa sababu hakuna anayekumbuka doa lile lilikuwapo tangu lini.

Na hapa nitasema jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia: usiache kulipa kodi kwa hasira. Katika nchi nyingi, kutolipa ndiyo sababu rahisi kuliko zote ya kumtoa mpangaji, hata kama mwenye nyumba ana makosa kumi. Kugoma kulipa ni silaha halali mahali pengine, lakini ni silaha ya kundi. Inahitaji ushauri wa mwanasheria kwanza, na fedha zenyewe ziwekwe mahali zinapoonekana, ili asiwepo wa kusema mlizila.

Hatua ya pili: Hesabuni wenyewe

Ofisa anayewasikiliza atauliza, "Mko wangapi?" Ukijibu "tuko wengi," mazungumzo yameisha.

Mwaka 1985 mjini Mumbai, ambao wakati huo uliitwa Bombay, mahakama kuu ya India ilitoa hukumu ambayo ingeruhusu waliojenga vibanda kando ya barabara kuondolewa. Katika takwimu za jiji watu hao walikuwa kama hawapo. Wanawake wa vibandani, wakisaidiwa na wanaharakati, walipita kibanda kwa kibanda wakijihesabu: nani anaishi pale, ametoka wapi, anafanya kazi gani, amekaa miaka mingapi. Ikadhihirika kwamba wengi wao ni wafanyakazi waliokaa jijini kwa miaka mingi, na kwamba wanalala pale kwa sababu ndipo karibu na kazi. Tangu hapo kujihesabu kumekuwa desturi ya mashirika ya wakazi wa mitaa duni katika nchi nyingi, kwa sababu mtu mwenye orodha hakaribishwi mezani kwa hisani. Anahitajika.

Fomu yenu iwe ukurasa mmoja. Maswali saba au manane yanatosha: watu wangapi kwenye nyumba, kodi ni kiasi gani sasa na ilikuwa kiasi gani miaka miwili iliyopita, sehemu gani ya kipato inakwenda kwenye kodi, kuna mkataba wa maandishi au hakuna, kuna risiti au hakuna, nini kimeharibika na kiliripotiwa lini, na kama kuna mtu wa nyumba hiyo aliyewahi kufungiwa mlango au kutishiwa kufukuzwa. Mwulize pia kila kaya kama inahifadhi ndugu au rafiki aliyekosa pa kukaa. Watu hao hawaonekani barabarani, kwa hiyo hesabu nyingi za wasio na makao huwapita.

Majina na namba za nyumba zikae kwenye karatasi tofauti na majibu, mikononi mwa watu wawili mnaowaamini. Orodha ya wapangaji wanaolalamika, ikiangukia mikono isiyofaa, inageuka orodha ya watakaopewa notisi.

Ukishajumlisha, tafuta sentensi moja inayobeba uzito. Mfano: kati ya kaya 84 tulizozitembelea, 61 hazina mkataba wa maandishi. Sentensi kama hiyo tayari inaonyesha dai linakoelekea.

Hatua ya tatu: Itafute kalamu

Hapa ndipo kampeni nyingi huvunjikia, tena baada ya kazi kubwa. Berlin inatoa funzo chungu. Mwaka 2020 bunge la jiji hilo, ambalo pia ni jimbo, lilipitisha sheria ya kufunga kodi za nyumba zisipande. Wapangaji walishangilia, na wengi walishushiwa kodi. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ikaifuta sheria nzima. Majaji hawakuhitaji kuamua kama kufunga kodi ni kubaya au kuzuri. Walisema mambo ya kodi za nyumba binafsi yalikwisha kutungiwa sheria na bunge la taifa, kwa hiyo jimbo halikuwa na mamlaka hayo. Wapangaji wengi wakajikuta wanadaiwa tofauti ya miezi iliyopita. Dai lilikuwa na watu nyuma yake. Kalamu ndiyo iliyokuwa ya mtu mwingine.

Kwa hiyo chukua kila lalamiko, uliza linafunguliwa na ufunguo wa nani. Kwa kawaida picha huwa hivi, ingawa lazima uhakikishe ya kwenu. Bunge la taifa hushika sheria ya upangaji yenyewe: notisi, sababu za kumtoa mtu, amana, mipaka ya kupandisha kodi. Halmashauri ya mji hushika matumizi ya ardhi, vibali vya ujenzi, ukaguzi wa majengo na sheria ndogo, na mara nyingi ndiyo inayomiliki viwanja vya umma vilivyokaa bure. Wizara ya fedha hushika ruzuku na ushuru wa serikali. Mahakama au baraza la nyumba hushika mgogoro wa mtu mmoja mmoja. Polisi hawana kalamu ya kumtoa mpangaji mahali ambapo sheria inataka amri ya mahakama, na wengi wa waliofungiwa milango hawakulijua hilo siku ile.

Soma katiba yenu. Ya Afrika Kusini, kifungu cha 26, inasema mtu hatatolewa nyumbani kwake bila amri ya mahakama iliyozingatia mazingira yote ya kesi. Ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 43, inataja haki ya kuwa na nyumba inayofaa. Hata ambapo katiba imenyamaza, nchi nyingi zimeridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kiutamaduni, ambao ibara yake ya 11 inataja nyumba. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayousimamia ilifafanua mwaka 1991 kwamba nyumba inayofaa ni zaidi ya kuta nne na paa: pawe na usalama wa kutofukuzwa ovyo, maji na huduma, gharama inayobebeka, hali inayokalika, njia ya kufikika kwa wenye ulemavu, mahali palipo karibu na kazi na shule, na kuheshimu utamaduni wa wakazi. Mwaka 1997 ikaeleza ni nini lazima kifanyike kabla ya kumhamisha mtu, pamoja na kushauriana naye, kumpa notisi ya kutosha, kutomtoa usiku wala kwenye hali mbaya ya hewa, na kumpa nafasi ya kwenda mahakamani. Ukihitaji orodha ya madai ya kuanzia, hiyo tayari imeandikwa na wanasheria na nchi zenu huenda zimeikubali.

Hatua ya nne: Geuza kilio kiwe dai

Dai zuri ni lile ambalo mwenye kalamu anaweza kulijibu ndiyo au hapana. "Kodi zishuke" halijibiki. "Halmashauri ipitishe sheria ndogo inayomlazimisha kila mwenye nyumba kutoa risiti na mkataba wa maandishi" linajibika. "Maskini wapewe nyumba" halijibiki. "Kiwanja fulani cha umma kisiuzwe, kikodishwe kwa ushirika wa nyumba kwa miaka mingi na kwa masharti kwamba kodi ibaki chini ya kiwango fulani" linajibika, na asiyetaka kulijibu anaonekana hataki.

Neno la kulichunga kuliko yote ni nafuu. Nafuu kwa nani? Marekani kanuni ya kawaida ni kwamba kodi isizidi asilimia 30 ya kipato cha kaya. Kwa wapangaji wa nyumba za serikali kikomo kilikuwa asilimia 25 hadi mwaka 1981 kilipopandishwa. Kanuni hiyo ni rahisi kukumbuka, lakini asilimia 30 ya mshahara mnono inamwachia mtu maisha, na asilimia 30 ya kibarua cha siku inamwachia njaa. Kuna hila kubwa zaidi. Miradi mingi hupima unafuu kwa kipato cha wastani cha eneo zima, pamoja na matajiri waliomo. Nyumba ikiitwa nafuu kwa kipimo hicho, mfagiaji wa ofisi za eneo hilo hilo huenda asiiguse kamwe. Mwanasiasa akikuahidi nyumba nafuu, mwombe aandike kiasi cha kodi kwa mwezi na kipato cha anayelengwa. Asipoandika, hajaahidi kitu.

Kwa ulinzi wa wapangaji, madai yanayopatikana mapema huwa ni haya madogo: risiti, mkataba wa maandishi, muda wa notisi, amana kurudishwa kwa siku maalumu, marufuku ya kufunga mlango au kukata maji na umeme ili mtu ahame, na sababu halali kutajwa kabla ya kumtoa. Usiyadharau. Hayamgharimu mwenye kalamu fedha nyingi, na kila moja linaziba tundu ambalo watu hutumbukia. Kubwa zaidi ni wakili wa bure kwa mpangaji anayeshtakiwa ahame. Jiji la New York lilipitisha haki hiyo kwa wenye kipato kidogo mwaka 2017, la kwanza Marekani kufanya hivyo, baada ya miaka ya kuonyesha kwamba karibu kila mwenye nyumba alikuja mahakamani na wakili na karibu kila mpangaji alikuja peke yake.

Mipaka ya kupandisha kodi inahitaji ukweli kidogo, hata kwa sisi tunaoitetea. Jiji la San Francisco lilipanua udhibiti wa kodi mwaka 1994 hadi kwenye majengo madogo ya zamani. Wachumi waliofuatilia walikuta mambo mawili kwa pamoja: wapangaji waliolindwa walibaki makwao zaidi ya wengine, na wenye majengo hayo walipunguza nyumba za kupangisha kwa takriban asilimia 15, kwa kuzigeuza za kuuza au kujenga upya. Mpinzani wako atautaja upande wa pili. Utaje wewe kwanza, kisha uweke dai la pili pembeni yake: mianya ya kuzigeuza nyumba izibwe, na nyumba mpya zijengwe na wasiotafuta faida.

Hilo la kujenga lina mifano mikubwa. Vienna ilianzisha ushuru maalumu wa nyumba mwaka 1923, uliowabana zaidi wenye majumba ya fahari, na kwa fedha hizo jiji likajenga makazi zaidi ya 60,000 kabla ya mwaka 1934. Leo jiji hilo linamiliki nyumba karibu 220,000, na kwa kuwa wa kipato cha kati nao wanaishi humo, hakuna anayeziita nyumba za maskini. Uruguay ilikwenda njia nyingine: sheria ya mwaka 1968 iliruhusu ushirika wa nyumba ambao wanachama hujenga kwa mikono yao wenyewe, kila kaya ikichangia saa za kazi kila wiki, na nyumba zikabaki mali ya ushirika. Mchague njia inayolingana na kalamu mliyoiona kwenye hatua ya tatu. Mji usio na uwezo wa kutoza ushuru wa namna ile ya Vienna huenda una viwanja.

Chagueni dai moja. Mawili, ikibidi. Niliwahi kuingia kikaoni na madai kumi na moja yaliyochapwa vizuri. Mkuu wa ofisi akayasoma yote kwa tabasamu, akachagua la rahisi kuliko yote, akaliahidi, na kikao kikafungwa kwa picha ya pamoja.

Hatua ya tano: Kundi lenye kazi

Kidole kimoja hakivunji chawa, hilo kila mtu analijua. Kinachosahaulika ni kwamba vidole vitano visivyopangwa navyo havimvunji.

Glasgow, mwaka 1915, wanaume wengi walikuwa vitani au kwenye karakana za meli, na wenye nyumba wakaona nafasi ya kupandisha kodi. Wanawake, akiwamo Mary Barbour wa mtaa wa Govan, wakapanga jengo kwa jengo. Mmoja alikaa mlangoni na kengele. Maofisa wa mahakama wakija kumtoa mtu, kengele inalia, na majirani wanatoka jikoni na vifuko vya unga na nguo mbichi, wanawarushia hadi waondoke. Maelfu ya kaya zikagoma kulipa nyongeza. Tarehe 17 Novemba wapangaji 18 walipoitwa mahakamani, wafanyakazi wa meli waliacha kazi na kuandamana hadi mlangoni pa mahakama, na kesi ikaachwa. Kabla ya mwaka kwisha bunge la Uingereza lilikuwa limepitisha sheria ya kurudisha kodi kwenye kiwango cha Agosti 1914.

Usichukue unga kutoka kwenye habari hiyo. Chukua kengele: mtu mmoja, zamu yake inajulikana, na kila mwingine anajua afanye nini ikilia. Siku hizi kengele ni kundi la ujumbe kwenye simu. Kila jengo au mtaa liwe na mtu wa kutoa habari, mtu wa kutunza karatasi, mtu wa fedha ambaye si yule wa karatasi, na msemaji. Fedha zisomwe mbele ya wote kila kikao hata kama ni kidogo mno. Vyama vingi vya wapangaji havikuuawa na wenye nyumba, viliuawa na daftari la michango. Kikao kiwe saa ambayo wenye watoto wanaweza kuja, na watoto wawe na pa kuchezea. Wekeni kikomo cha saa moja na nusu.

Wenye nyumba wadogo msiwafanye maadui kwa pamoja. Mjane anayepangisha vyumba viwili na kampuni yenye majengo mia si kitu kimoja, na mara nyingi yule mjane naye ananyanyaswa na riba ya mkopo au bili ya maji. Baadhi yao watatia saini dai la mikataba ya maandishi, kwa sababu linawalinda na wao.

Hatua ya sita: Nenda kwa mwenye kalamu

Barua iwe ukurasa mmoja. Mstari wa kwanza useme ninyi ni nani na mko wangapi. Wa pili useme mnachoomba, kwa maneno yanayojibika. Kisha hesabu yenu, mfano wa kaya moja iliyokubali kutajwa bila jina, na kifungu cha sheria kinachompa mwandikiwa mamlaka hayo. Hicho cha mwisho kinamnyima nafasi ya kusema "si kazi yangu." Malizeni kwa kuomba miadi na kutaja tarehe mtakayopiga simu kuuliza. Pigeni siku hiyo.

Mkipewa miadi, nendeni watu watatu au wanne: mmoja wa kusema, mmoja mwenye hadithi yake mwenyewe, mmoja wa kuandika. Mna dakika kumi na tano, labda chini ya hapo. Dai lisemwe katika dakika ya kwanza. Mkisikia "tutaliangalia," ulizeni kwa upole: "Nani ataliangalia, na turudi lini?" Jioni hiyo hiyo tumeni ujumbe wa shukrani unaorudia alichoahidi. Ahadi iliyoandikwa na aliyeahidiwa ina nguvu kuliko mnavyofikiri.

Mahali pengine pa kusemea ni vikao vya wazi vya bajeti na vya mipango miji. Watu hawaendi, kwa sababu vinachosha na lugha yake ni nzito. Hapo ndipo kiwanja cha umma kinapouzwa mchana kweupe bila mtu kuuliza. Mpeleke mwanachama mmoja kila kikao, hata akae kimya, aandike tu.

Waandishi wa habari waiteni mkiwa na hesabu, siku ya jambo fulani kutokea, kama vile kikao au kesi. Msimpeleke mbele ya kamera mtu ambaye mwenye nyumba wake anaweza kumlipizia kesho asubuhi.

Hatua ya saba: Wasio na makao wakae mezani

Asiyekuwapo na lake halipo. Kampeni nyingi za nyumba huzungumza juu ya wanaolala nje, na hakuna hata mmoja wao chumbani. Waalikeni, lipeni nauli, toeni chakula, na muda wao uheshimiwe. Wao ndio wanaojua kwa nini mtu anakataa kitanda cha hifadhi ya usiku: mwenzi wake haruhusiwi, vitu vinaibwa, anatakiwa kutoka alfajiri, hawezi kuingia na mbwa aliyemlinda mwaka mzima.

Wazo lililobadilisha mambo ni la kumpa mtu nyumba kwanza. Njia ya zamani ilimtaka apande ngazi: aache pombe, apate kazi, ahudhurie mafunzo, ndipo astahili ufunguo. Wengi walianguka ngazini. Mwaka 1992 mjini New York, Sam Tsemberis alianza kuwapa watu wenye matatizo ya akili waliolala mitaani nyumba za kupanga moja kwa moja, pamoja na msaada wa hiari. Wengi walibaki humo. Kanada ikalijaribu wazo hilo katika miji mitano, ikiwagawa watu zaidi ya 2,000 kwa bahati nasibu kwenye makundi ya kulinganisha, na waliopewa nyumba kwanza walikaa ndani kwa muda mrefu zaidi.

Finland ililifanya kuwa sera ya taifa mwaka 2008. Hifadhi za usiku ziligeuzwa kuwa nyumba zenye mikataba ya upangaji. Hifadhi moja ya Helsinki iliyokuwa na vitanda 250 ikawa makazi 81, kila moja na mlango wake. Mwaka 1987 nchi hiyo ilihesabu watu zaidi ya 18,000 wasio na makao, na hesabu yake inawajumlisha wanaojibanza kwa jamaa. Mwaka 2023 walikuwa karibu 3,400. Mwaka uliofuata idadi ikapanda tena, baada ya miaka mingi ya kushuka, kipindi ambacho posho za nyumba zilipunguzwa. Kwa hiyo dai la wasio na makao lina sehemu mbili: funguo za kutosha, na posho ya kodi isiyokatwa.

Kuna na dai la kuzuia. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwezi Juni 2024 kwamba miji inaweza kuwaadhibu wanaolala nje hata kama hakuna kitanda cha kuwapa. Iliruhusu, haikuamuru, na hapo kalamu ikarudi kwa madiwani wa kila mji. Mkisikia sheria ndogo ya namna hiyo inaletwa kwenu, nendeni na gharama: siku moja rumande, gari la polisi, hakimu, na faini isiyolipwa, mwishoni mtu yuleyule anarudi pale pale na rekodi ya jinai inayomfanya akataliwe na kila mwenye nyumba.

Hatua ya nane: Baada ya kushinda

Mwaka 2000 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilimpa ushindi Irene Grootboom na majirani zake waliobomolewa vibanda. Majaji walisema mpango wa serikali wa nyumba lazima uwe na kitu kwa ajili ya wenye shida ya sasa hivi. Hukumu hiyo inasomwa vyuoni dunia nzima. Grootboom alifariki mwaka 2008 akiwa bado anaishi kibandani. Berlin nako, mwezi Septemba 2021 wapiga kura wengi waliunga mkono kuchukuliwa kwa nyumba za makampuni makubwa yenye zaidi ya nyumba 3,000. Kura ile haikuwa sheria, na miaka kadhaa baadaye nyumba zilikuwa bado mikononi mwa makampuni hayo.

Kwa sababu hiyo dai lenu liwe na tarehe, fungu la bajeti na ofisa anayetajwa kwa cheo. Sheria ikishapita, kazi ya wiki ya kwanza ni kuiandika upya kwa lugha ya kawaida kwenye karatasi moja na kuisambaza mlango kwa mlango, pamoja na namba ya mtu wa kengele. Wiki ya pili, mwandikieni kamanda wa polisi wa eneo na mkuu wa mahakama ya karibu, mkiwaambatanishia nakala na kuuliza maofisa wao wameelezwa lini. Kisha rudieni ile fomu ya hatua ya pili baada ya miezi sita, kwa kaya zile zile, kwa maswali yale yale. Kama kaya 61 hazikuwa na mkataba wa maandishi na sasa ni 58, rudini ofisini na karatasi zote mbili.